Macho na Zamu ya Kusema

Mlio na karatasi hii mkononi, fuateni polepole, neno kwa neno.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya macho. Sisemi habari za maradhi ya macho. Hizo ni kazi ya daktari. Nasema habari ya kazi ambayo macho hufanya watu wanapozungumza.

Fikirini watu wawili wameketi barazani. Huyu anasema, yule ananyamaza. Kisha yule anasema, huyu ananyamaza. Hapana mwenyekiti, hapana kengele, wala hapana anayeinua mkono. Basi kila mmoja hujuaje kwamba zamu yake imefika?

Hujua kwa sauti ya mwenzake na kwa maneno yenyewe. Ndiyo maana watu huweza kuzungumza kwa simu, na wasioona huzungumza vizuri kabisa. Lakini watu wakiwa uso kwa uso, macho nayo husaidia sana.

Mwaka 1967 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Adam Kendon, alitoa maandishi juu ya jambo hili. Alitumia picha za sinema za watu waliokuwa wakizungumza wawili wawili, akazichunguza kidogo kidogo. Aliona kwamba msikilizaji humtazama msemaji zaidi kuliko msemaji anavyomtazama yeye. Msemaji akianza maneno marefu, huondoa macho, kana kwamba asema, "Ngoja, bado nafikiri." Akikaribia kumaliza, humrudishia mwenzake macho. Hapo mwenzake hushika zamu. Msemaji akimaliza bila kumtazama mwenzake, mara nyingi jibu huchelewa.

Mwaka 2009 wataalamu wengine walitoa habari za lugha 10 za mabara mbalimbali. Kijapani kilikuwamo, na Kiitaliano, na hata lugha moja ya Namibia. Walipima muda uliopo kati ya swali na jibu. Kwa kawaida ulikuwa kama sehemu ya tano ya sekunde moja. Ni kufumba na kufumbua tu! Na katika lugha 9 kati ya hizo, jibu lilikuja upesi zaidi ikiwa muulizaji alikuwa akimtazama aliyeulizwa.

Lakini desturi si moja. Watzeltal wa Mexico hutazamana kidogo tu wanapozungumza, na zamu zao huenda sawasawa. Na kwetu je? Wengi wetu tulifundishwa tangu utoto kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Mtu huinamisha macho kwa heshima. Mgeni asiyejua huweza kudhani kwamba mtu huyo hana la kusema, au kwamba anaficha neno.

Hapa ndipo penye hatari. Tuseme kijiji kina mkutano wa kuchagua mahali pa kuchimba kisima. Mwenyekiti anauliza, "Nani ana neno?" huku macho yake yakienda kwa wazee watatu waliokaa mbele, kama kawaida yake. Hao husema. Nyuma ameketi mama ambaye huteka maji kila siku, naye ajua bonde lipi hukauka na lipi halikauki. Ameinamisha macho. Mwenyekiti hakumnyima zamu kwa kinywa, lakini macho yake hayakufika kwake. Kisima kinachimbwa pasipo na maji, na fedha za watu zimekwenda.

Dawa si kumwambia mama yule akodoe macho. Mwenyekiti amtaje kwa jina lake, kisha angoje. Angoje kweli, si kuvuta pumzi moja na kumrudia mzee wa mbele. Walimu wa madarasa haya nao wafanye vivyo hivyo.

Sasa kazi yenu. Wawili wakae wakipeana mgongo, wazungumze juu ya bei ya mahindi kwa dakika tatu. Wengine mhesabu ni mara ngapi wamesema pamoja, na mara ngapi wamenyamaza pamoja. Kisha wageuke watazamane, wazungumze tena dakika tatu. Andikeni hesabu zote mbili ubaoni.