Kuvu ya Mahindi: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Tawi



Tumetakiwa tuseme juu ya maradhi ya mimea katika mashamba na bustani za nyumbani. Maradhi hayo ni mengi. Tukitaka kuyataja yote, ya mihogo, ya nyanya na ya kunde, treni mbili zitapita nasi tungali hapa. Basi sisi wa gengi tumechagua moja tu, kwa sababu hilo limeua watu Ukambani. Nalo ni kuvu ya mahindi.

Mwaka 2004 wengi wetu tulikuwa vijana, lakini twakumbuka. Tangu Januari mpaka Julai watu 317 waliandikwa kuwa wameugua, na 125 katika hao walikufa. Makueni na Kitui ndizo zilizopigwa zaidi. Mgonjwa alitapika, macho yakawa manjano, tumbo na miguu vikavimba, kwa kuwa ini lilikuwa limeharibika. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, Makueni ilipokuwa ingali sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 12 walikufa kwa sababu hiyo hiyo.

Sumu hii hutoka katika kuvu. Wataalamu waliitambua baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa karanga zilizooza. Siku hizi huitwa sumukuvu.

Sasa, tuitambueje? Kuvu hii hukaa udongoni. Jua likikausha mahindi wakati yanapotia punje, au wadudu wakitoboa gunzi, huingia. Menya maganda uangalie: ukiona kama vumbi la kijani lenye umanjano katikati ya punje, hasa penye tundu la mdudu au kwenye ncha ya gunzi, ndiyo hiyo. Ukiona utando mweupe au wa rangi ya waridi, hiyo ni kuvu nyingine, nayo pia si ya kuliwa. Lakini sikilizeni vizuri hapa: sumu yenyewe haionekani, wala haina harufu. Punje yaweza kuwa safi machoni nayo imo. Kwa hiyo kuchagua peke yake hakutoshi.

Mwaka ule wa 2004 mvua ilinyesha wakati wa mavuno, nje ya majira yake. Mahindi yakavunwa yakiwa na maji. Tena chakula kilikuwa haba, watu wakaogopa wezi, wakayaingiza ndani ya nyumba wanamolala badala ya ghala la nje lenye kupitisha upepo. Ndani mna joto, na mahindi yana unyevu. Kuvu haihitaji zaidi ya hayo.

Basi kazi kubwa ni kukausha. Mahindi yakikomaa yasiachwe shambani kungoja. Yasitupwe chini juu ya udongo, maana huko ndiko kuvu iliko. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja, na jioni yafunikwe. Kipimo cha maafisa wa kilimo ni unyevu usiozidi sehemu 13 na nusu katika 100. Sisi hatuna mashine ya kupimia, lakini kila nyumba ina chupa na chumvi. Twaa chupa kavu yenye kifuniko, tia punje za mahindi kiasi cha theluthi, tia na chumvi kavu vijiko viwili vitatu. Tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Isipogandamana, yatie ghalani. Ile mifuko mipya isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini kwa mahindi makavu tu. Ukitia mabichi umejinunulia uozo.

Kabla ya mavuno pia iko dawa. Huitwa Aflasafe, nayo imeruhusiwa Kenya tangu 2015. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu isiyo na sumu, ili ishike mahali pa ile mbaya. Hunyunyizwa kilo 4 kwa eka, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Wanaotaka waulize kwa bwana shamba. Na wasioweza kununua wapande mapema pamoja na mvua, mbegu ya kukomaa upesi kama Katumani.

Wako wanaosema moto huua kila kitu. Si kweli. Ugali usongwe hata saa nzima, sumu hubaki. Kukoboa kwa muthokoi hupunguza, kwani sehemu kubwa ya sumu imo katika ganda na kiini, lakini hakuyafanyi mahindi yaliyooza kuwa chakula. Wala msiwape kuku. Na ng'ombe akiyala, sumu hupita katika maziwa, mtoto akainywa.

Tumebakiza neno moja, nalo ni la chama. Mavuno yetu ni Februari, na tena Julai hata Agosti. Sisi tuko njiani Sultan Hamud au Mtito Andei, na mama yuko Kitui peke yake, mvua inakuja, mahindi yamelala uani. Baadhi yetu tumeomba likizo ya Februari tukaambiwa tungoje Aprili. Aprili mahindi yamekwisha liwa, mazuri na mabaya. Basi twaomba mkutano huu uandike kwamba zamu ya likizo ipangwe kwa kuangalia mavuno, wale wa gengi moja wapokezane siku tano tano, na katibu aipeleke kwa wakubwa kabla ya Desemba. Tena tawi linunue turubai nne kwa fedha ya ada, ziazimwe kwa zamu. Anayeunga mkono na ainue mkono wake.