Safari ya Visiwani Wakati wa Masika

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa walimu.)

Nimeombwa niwaeleze habari za safari yangu ya mashua katika visiwa vya Lamu. Nilipotaja kwamba nilikwenda mwezi wa Mei, baadhi yenu mlicheka, nanyi mna haki. Maana Mei ndio mwezi wa mvua nyingi katika pwani yetu. Kusi huwa imekwisha kushika, bahari kuu huchafuka, wageni hawaonekani, na baadhi ya nyumba za kuwapokea hufungwa. Lakini leo napenda kuwaonyesha ya kwamba mtu asiyeviona visiwa vile katika mvua hajajua bado vinaishi kwa nini.

Tulikuwa abiria watatu, pamoja na nahodha na baharia wake wawili. Siku ya kwanza tulitoka Lamu maji yakijaa, tukaingia katika kijito cha mikoko kiendacho Takwa, katika kisiwa cha Manda. Hapana budi kwenda na maji kujaa, kwa kuwa yakipwa, njia ile huwa tope tupu. Mvua ilitushika njiani, na mimi nikanung'unika mpaka tulipofika.

Takwa ni mji uliohamwa katika karne ya 17. Msikiti wake ungaliko, na nje ya ukuta liko kaburi lenye mnara, lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijra, yaani kama mwaka 1683. Yasemekana watu wake walivuka wakahamia Shela, na wengi hudhani ya kwamba maji ya visima vyao yaligeuka kuwa ya chumvi. Watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi kulizuru kaburi lile na kumwomba Mungu mvua. Nilisimama mbele ya mnara ule, nguo zimenigandama mwilini, nikaona haya. Kitu nilichokuwa nikikilalamikia tangu asubuhi ndicho wenzangu walichokuja kukiomba mahali pale.

Siku ya pili tulipita Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara. Hapo nako twalingoja maji yajae. Tanga lilitweka, likatuliwa, likatwekwa tena. Na mvua ilipozidi, sote tulishika makopo tukakumba maji ngamani. Jioni tukafika Pate.

Asubuhi ya tatu tulikusudia kwenda Kiwayu. Mvua ilikuwa imekatika, na jua lilianza kutoka. Nahodha akasimama ufuoni kitambo, akatazama upande wa kusi, akasema, "Leo hatuendi." Mwenzetu mmoja alikasirika, kwani siku zake za livu zilikuwa zinakwisha. Akaahidi kuongeza nauli. Nahodha akamjibu kwa upole, "Bwana, fedha yako yalipa safari, hailipi roho za watu."

Kabla ya adhuhuri wingu jeusi lilipanda, na dhoruba ikavuma hata minazi ikainama. Mashua yetu iliruka-ruka katika kamba zake bandarini. Hakuna aliyehitaji kutuambia hali ingekuwaje huko nje. Mwenzetu yule alimwendea nahodha mbele yetu sote akamtaka radhi, na kwa jambo hilo namheshimu mpaka leo.

Siku ile tulikaa barazani kwa mwenyeji wetu, nasi tukaona jambo ambalo kama tungalisafiri tusingaliliona. Katika visiwa vile watu hujenga jabia, yaani birika kubwa la kukusanya maji ya mvua. Mvua ilipoanza, watoto walikimbia kuzibua mifereji, na wanawake wakaweka sufuria na ndoo chini ya vipaa. Kila mtu alicheka. Kwao ile haikuwa hali mbaya ya hewa. Ilikuwa ni akiba ya miezi ya kaskazi, wakati wa jua kali.

Hata mji wa Lamu wenyewe, ambao mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, hupata maji yake kwa njia hiyo hiyo. Mvua huzama katika vilima vya mchanga vya Shela, na maji matamu hukaa chini yake, ambamo visima huchotwa. Mtu akivichimbua vilima vile, au akijenga juu yake ovyo, anatoboa mtungi wa mji mzima.

Basi, Mabibi na Mabwana, atakaye kwenda wakati wa masika na aende, lakini ashike mambo matatu. Amchague nahodha mzoefu na kulitii neno lake. Ahakikishe kwamba chombo kina maboya ya kujiokolea ya kuwatosha watu wote. Tena awe na siku mbili za ziada, maana bahari haifuati kalenda yetu.

Kiwayu sikufika. Lakini nilirudi salama, nami tangu siku ile nikisikia mvua juu ya bati langu, huwakumbuka watoto wale wa Pate na mifereji yao.