Uzi Mmoja, Rangi 80: Tunapodai Intaneti, Tujue Tunadai Nini

(Mada niliyowasilisha kwenye mjadala wa vijana wa chama)

Mimi nasoma sheria, siyo uhandisi. Ila leo tuguse fizikia kidogo, maana bila hiyo hoja yetu ya bando inabaki kuwa malalamiko tu.

Ndani ya mkongo kuna nyuzi za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele. Zamani uzi mmoja ulibeba mwanga wa rangi moja. Siku hizi leza nyingi huwashwa pamoja, kila moja na urefu wake wa wimbi, yaani "rangi" yake, ingawa jicho haliioni. Zinaunganishwa upande huu, zinasafiri pamoja bila kuvurugana, zinatenganishwa upande wa pili. Chukua mfumo wa rangi 80, kila moja ikibeba gigabiti 100 kwa sekunde. Hizo ni gigabiti 8,000 kwenye uzi mmoja!

Maana yake nini? Kuongeza uwezo si lazima uchimbe mtaro upya. Unafunga mitambo mipya kwenye vituo, unawasha rangi nyingine. Kwa hiyo tukiambiwa bando ni ghali kwa sababu mkongo umejaa, tuulize: rangi ngapi zimewashwa? Ngapi zimelala? Kampuni za simu zinakodishiwa kwa bei gani? Mkongo wa Taifa ulijengwa kwa mkopo unaolipwa na mimi na wewe. Majibu ni haki yetu.

Lakini tusidanganyane: rangi nyingi siyo njia nyingi. Uzi ukikatika, zote 80 zinazimika kwa mpigo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu baharini, intaneti ikayumba nchini. Hapo dawa ni njia mbadala, na zinahitaji bajeti kweli.

Halafu kuna tatizo la tatu. Oktoba 2020, kuelekea siku ya kura, WhatsApp na Twitter zilibanwa. Hakuna papa aliyetafuna waya. Ule ulikuwa uamuzi wa watu, na Ibara ya 18 ya Katiba inatupa uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa.

Kwa hiyo mtandao ukisumbua, kabla hujapost, jiulize: umejaa, umekatika, au umefungwa? La kwanza tudai hesabu. La pili tudai bajeti. La tatu, makamanda, tukutane mahakamani.