Siku Jenerali Savage Aliposhindwa Kupanda Ndege



Filamu ya Twelve O'Clock High, iliyoongozwa na Henry King mwaka 1949, imetumika kwa miaka mingi kufundishia uongozi katika jeshi la Marekani. Hoja yangu jioni hii ni kwamba somo lake hukatishwa mapema mno.

Hadithi inahusu kikosi cha 918 cha ndege za mabomu aina ya B-17, kilichopiga kambi Uingereza wakati Wamarekani walipoanza kuwashambulia Wajerumani mchana kweupe. Kikosi hicho ni cha kubuni, ila kimechotwa kwenye kikosi halisi cha 306 cha Thurleigh, alichokabidhiwa Frank Armstrong mwanzoni mwa 1943 baada ya mtangulizi wake kuondolewa.

Davenport, kamanda wa kwanza, anawapenda vijana wake hadi hawezi tena kuwaamuru. Jenerali Savage, aliyeigizwa na Gregory Peck, anatumwa kumrithi. Karibu na lango la kambi anasimamisha gari, anashuka, anavuta sigara na dereva wake na kumwita kwa jina. Sigara ikiisha anamwita sajenti, kisha anahamia kiti cha nyuma. Tunamwona mtu akijivika ukali kwa makusudi, na sijui sehemu nyingine ya sinema inayolionyesha jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Mengine yanafuata upesi. Anafunga baa. Anamwita Gately, mmoja wa marubani wake, mwoga na kumkusanyia wazembe wote katika ndege moja. Marubani wote wanaomba uhamisho. Meja Stovall, wakili katika maisha ya uraiani, anazichelewesha karatasi zao makusudi, naye Savage anapata muda aliouhitaji. Mafunzo yanazaa matunda, na vijana wanaanza kujivunia kikosi chao.

Wengi huishia hapa na kusema ukali ndio dawa. Lakini Savage naye ameanza kuwajua vijana hao na kuwapenda. Baada ya shambulio linalowaua wenzake wa karibu, inampasa aruke tena. Anashika ukingo wa mlango wa ndege ajivute ndani, mikono inakataa. Yaliyompata Davenport yamempata yeye, na kwa sababu ileile.

Armstrong mwenyewe, aliyekuwa kielelezo cha Savage, hakuanguka namna hiyo. Beirne Lay na Sy Bartlett, walioandika riwaya na kisha filamu, walitumikia katika vita vile na walimjua. Wakaamua kumwangusha Savage. Nauheshimu sana uamuzi huo. Bila anguko hilo tungebaki na sifa za mtu mkali. Kwa anguko hilo tunalazimika kukubali kwamba kuwatuma vijana kwenye kifo kunammaliza anayewatuma, awe mpole au mkali.

Na asubuhi hiyo Savage anaposhindwa kupanda, kikosi kinaruka bila yeye. Anayeshika nafasi yake mbele ni Gately, ambaye alikuwa amekwisha kuruka mara kadhaa akificha jeraha la uti wa mgongo. Chini ya Davenport, kikosi kilimtegemea kamanda mmoja hata kwa pumzi yake. Chini ya Savage kilipata watu wa kukiongoza yeye asipokuwepo, na hiyo ndiyo kazi ninayomsifia.