KUCHANGANYA KUMBUKUMBU ZA KASI MBALIMBALI KATIKA KOMPYUTA ZA MEZANI
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Kompyuta ya ofisi inapoanza kusuasua, mara nyingi haikuzeeka. Kumbukumbu yake ndiyo iliyojaa. Kumbukumbu ni mfano wa meza ya karani, na diski ni kabati la majalada. Meza ikijaa, karani hutumia siku nzima kwenda na kurudi kabatini. Kuongeza kumbukumbu, basi, huweza kuepusha gharama ya kununua kompyuta mpya.

Suala linaloulizwa ni hili: kipande kipya chenye kasi kubwa chaweza kukaa pamoja na cha zamani chenye kasi ndogo? Jibu ni kuwa chaweza, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni aina. Aina ya DDR3 iliwekewa viwango mwaka 2007, DDR4 mwaka 2012 na DDR5 mwaka 2020. Kila moja ina pengo lake mahali tofauti na kiwango chake cha umeme: volti 1.5, 1.2 na 1.1. Aina hizi haziingiliani kabisa, na anayelazimisha huvunja ubao.

Pili ni kasi. Ichukuliwe kompyuta yenye kipande cha DDR4 cha gigabaiti 8 na kasi ya 2400, kikaongezwa kingine cha gigabaiti 8 na kasi ya 3200. Kompyuta inapowashwa husoma maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya kila kipande, kisha kwa kawaida huvipangia vyote mwendo wa kile kizito. Kipande kipya, ambacho kingeweza kupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, kitapitisha 19.2. Fedha iliyolipwa kwa ajili ya kasi ya ziada haitaonekana katika kazi. Hata hivyo meza imekuwa na gigabaiti 16, na kwa ofisi iliyokosa nafasi, faida hiyo ni kubwa kuliko kasi iliyopotea.

Tatu ni uwiano. Vipande viwili vyenye ukubwa sawa, vikiwekwa katika nafasi zilizoelekezwa na kijitabu cha ubao, hufanya kazi kwa njia mbili sambamba.

Tahadhari inahitajika. Vipande visivyopatana huweza kuizuia kompyuta isiwake, au ikagandia katikati ya kazi na kupoteza hesabu isiyohifadhiwa. La hatari zaidi ni tarakimu kubadilika kimyakimya na kuhifadhiwa hivyo hivyo. Orodha ya mishahara au ya wagonjwa ikaharibika bila ya mtu kujua. Kwa hiyo nakala za majalada zitolewe kwanza, waya wa umeme uchomolewe, na kumbukumbu ipimwe kwa programu ya kupimia kabla ya kompyuta kurudishwa kazini. Kosa likionekana, kipande kipya kiondolewe.

Wakuu wa ofisi wanakumbushwa kuwa fedha hizi ni za umma. Kabla ya kununua, isomwe lebo ya kipande kilichomo, ijulikane aina, ukubwa na kasi yake, na kiulizwe kiwango ambacho ubao wenyewe unakubali. Kuuliza si ujinga. Hasara ni kununua kasi ambayo kompyuta haitaitumia.