Shamba la Nabothi



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, tunasoma habari za Nabothi wa Yezreeli, aliyekuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka shamba hilo alifanye bustani ya mboga. Tuwe wakweli: ombi lake la kwanza halikuwa ovu. Aliahidi kumpa Nabothi shamba lililo bora zaidi, au fedha za kulingana na thamani yake. Nabothi akakataa, kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake.

Tunamkumbuka Nabothi leo kwa kuwa huku kwetu, Kigoma na Ujiji, mashamba yanageuka kuwa viwanja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,127,930 katika mkoa wetu. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 2,470,967. Watu hao wanahitaji nyumba, shule, zahanati na barabara. Ziwa nalo, lilipopanda kuanzia mwaka 2020, liliwafukuza baadhi ya ndugu zetu katika nyumba za ufukweni, nao wakatafuta pa kukaa huko juu. Kwa hiyo hatusemi mji usipimwe. Mji usiopimwa hukua vilevile, ila hukua bila njia ya kupitisha hata jeneza.

Lakini mwenye shamba naye ana neno. Mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, kisha huendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuhimiza upya kilimo cha michikichi mkoani mwetu. Mtu aliyeitikia wito huo, akapanda, anapokuta jiwe la mpaka katikati ya miche yake, tusimwite mpinga maendeleo. Wazee wetu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, wakaacha nyuma miti na makaburi, wanaielewa hofu hiyo bila kuelezwa. Na kule bonde la Luiche, shamba la mpunga likishavunwa huonekana wakati wa kiangazi kama uwanja mtupu. Mgeni apitaye na ramani mkononi anaweza kudhani kwamba pale hapana mwenyewe.

Sheria ya nchi haikumsahau mtu huyo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inakiri kwamba ardhi yenyewe ina thamani, si nyumba na miti iliyo juu yake tu. Inataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na bila kucheleweshwa. Inataka wananchi washiriki katika kuamua mambo ya ardhi yao. Tena inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Jambo hili la mwisho tulirudie katika jumuiya zetu, maana wengi wetu hulisikia kwa sikio moja.

Basi turudi Yezreeli. Nabothi alikufaje? Hakuuawa na askari wa mfalme usiku. Malkia Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazipiga muhuri wa mfalme, akawapelekea wazee wa mji ule ule aliokaa Nabothi. Wazee wakaitisha mkutano. Wakaketishwa mashahidi wawili, watu wasiofaa, wakamsingizia kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Kila kitu kilionekana kufuata utaratibu: barua, muhuri, mkutano, mashahidi wawili. Nabothi akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe. Ahabu aliteremka tu kwenda kulitwaa shamba.

Ndugu zetu, hatari tuliyo nayo inafanana zaidi na wazee wale kuliko na mfalme. Shamba linapotwaliwa isivyo haki, mara nyingi ipo sahihi ya jirani. Yupo mzee aliyeshuhudia mpaka asioujua, kwa kuwa aliahidiwa kiwanja kimoja. Yupo aliyehudhuria mkutano wa mtaa, akasikia majina yakisomwa, akajua kwamba jina la fulani limerukwa, akanyamaza ili asichelewe kurudi nyumbani. Yupo kaka mkubwa aliyejiandikisha peke yake kwa shamba la ukoo, akapokea fedha, na wadogo zake wakapata habari kutoka dukani.

Hata mambo madogo yana uzito hapa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa juu ya mpango wa matumizi ya ardhi, twende, akina mama pia, ingawa ni siku ya kazi. Tuombe ramani itandikwe mezani, na asiyejua kusoma aonyeshwe kwa kidole mahali shamba lake lilipo. Tuulize fidia itakadiriwa lini na italipwa lini, kabla mtu hajakatazwa kulima. Anayesimamia upimaji kwa haki hatachukizwa na maswali hayo, yatamrahisishia kazi.

Nanyi makatekista, mnaozijua nyumba zote za vigango vyenu, mnamjua mjane anayelima mpunga katika shamba ambalo bado linatajwa kwa jina la marehemu mumewe. Mwendeeni wiki hii. Mwulizeni kama ameandikwa, na kama hajaandikwa, mfuatane naye hadi ofisi ya mtaa, kabla mthamini hajafunga daftari lake.