Kiti, Mtu na Daraja: Daftari la Nafasi za Kazi Chuo Kikuu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo husikika zaidi madukani, lakini unastahili kukumbukwa hata katika ofisi za utumishi za vyuo vikuu, ambako mali inayotunzwa ni jasho la watu na fedha za umma.

Katika kila chuo kikuu yapo mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa. La kwanza ni nafasi ya kazi, yaani kiti kilichoidhinishwa katika ikama, chenye idara yake, majukumu yake na fungu lake la fedha. La pili ni mtu anayekikalia kiti hicho. La tatu ni daraja, yaani ngazi ambayo kazi hiyo imepangiwa katika muundo wa utumishi. Mtu huhama, hustaafu au hufariki dunia, kiti hubaki. Daftari likiyachanganya mambo hayo, haki ya mtumishi na fedha ya umma huingia hatarini kwa pamoja.

Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania iliendesha uhakiki wa watumishi wa umma, na zaidi ya majina 10,000 ya watumishi hewa yakaondolewa katika orodha ya mishahara. Funzo lake ni wazi. Mshahara unapofuata jina peke yake, ni rahisi jina kuendelea kulipwa baada ya mwenyewe kuondoka. Lakini mshahara ukifungwa kwenye kiti chenye namba, kiti kimoja hubeba jina moja, na mwenye kiti akiondoka kiti husomeka wazi na malipo husimama.

Chuo kikuu kina ugumu wake wa pekee, kwa kuwa ndani yake zimo ngazi za namna mbili. Nchini Tanzania, mwalimu wa chuo kikuu huanza kama Mkufunzi Msaidizi akiwa na shahada ya kwanza. Akipata shahada ya uzamili huwa Mhadhiri Msaidizi, na akipata ya uzamivu huwa Mhadhiri. Kutoka hapo hupanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi, kisha Profesa Mshiriki, na mwisho Profesa, kwa kupimwa ufundishaji wake na maandishi yake ya kitaaluma. Huyu hupanda kwa sifa zake, huku akiwa katika idara ile ile. Upande wa uendeshaji mambo ni tofauti. Karani wa masijala aweza kuwa hodari kuliko wote, lakini masijala moja haiwezi kuwa na wakuu wawili; hana budi kungoja kiti kiwe wazi. Mfumo unaozitendea ngazi hizo mbili kana kwamba ni moja utamchelewesha mwalimu bila sababu, au utazalisha wakuu wasio na wa kuwaongoza.

Ipo tofauti nyingine isahaulikayo mara nyingi. Kupandisha cheo ni kumpima mtu. Kupanga upya daraja ni kuipima kazi. Chukua mfano wa mhudumu wa maabara aliyeajiriwa kuosha vyombo na kufagia. Miaka inapita, anajifunza kutumia mitambo, anapata stashahada, na sasa ndiye anayewaandalia wanafunzi majaribio yao. Wote humwita fundi, lakini daftari humwita mhudumu. Hapo sifa njema peke yake haitoshi. Lazima majukumu mapya yaandikwe, kada yake ibadilishwe, na kiti cha fundi kiwemo katika ikama na katika bajeti. Jambo hilo lisipofanyika, hasara haiishii kwenye mshahara wa mwezi. Mafao ya uzeeni hufuata mshahara, kwa hiyo mtu huyo ataubeba upungufu ule mpaka kaburini.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, nalo ni la kumpa mtu jina kubwa la kazi ili apate nyongeza, hali kazi yenyewe haikubadilika. Huo ni upendeleo, na wenzake wanaofanya kazi ile ile huuona upesi na kuvunjika moyo.

Siku hizi daftari limo ndani ya kompyuta, na wako wanaodhani kwamba kompyuta itayanyoosha yote. Kompyuta hupokea kile inachopewa. Haijui kwamba mhudumu amekuwa fundi mpaka mkuu wa idara aandike hivyo. Kwa hiyo dawa iko mikononi mwa viongozi wa idara: kuandika maelezo ya kazi yaliyo ya kweli, kutoa taarifa mara mtu anapoondoka, na kupeleka maombi ya nafasi wakati ikama na bajeti vinapoandaliwa, badala ya kuzinduka mwaka wa fedha ukiwa umekwisha anza Julai. Mtumishi naye ana wajibu wa kulisoma jalada lake na kuuliza mapema.

Ndugu watumishi na walimu, haki ya mfanyakazi huanza na mstari mmoja ulioandikwa sawasawa. Ofisi inayouandika mstari huo kwa uaminifu imekwisha kumtendea haki hata mtumishi ambaye haijapata kumwona uso wake.